Kupeleka Maneno Ng'ambo ya Songwe

Ilianza Alhamisi, saa mbili kasoro robo asubuhi, mama aliponiambia nivae viatu. Sio ndala, viatu. Nilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nimekaa mlango wa nyuma napepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Nikauliza tunaenda wapi.

"Kwa shangazi yako. Tunamfuata babu. Tunaenda na kurudi leo leo."

Shangazi, dada yake baba, aliolewa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe; sasa ni mjane, na watoto wake wameshahama. Wenzangu wa bweni wakisikia mtu kasafiri nje ya nchi wanafikiria ndege. Kwetu Ipyana nje ya nchi ni pikipiki mpaka Kasumulu mpakani, foleni, muhuri, daraja, halafu umefika, na huko nako wanakusalimia "ugonile" kama jirani yako tu, kwa sababu lugha yao na Kinyakyusa chetu ni watoto wa mama mmoja.

Niseme mapema kilichotupeleka. Baba alifariki mwezi wa nne. Matanga yalipoisha, babu mzaa baba, ambaye nyumba yake na yetu ziko ua mmoja, alisema anakwenda kumsalimia shangazi kwa wiki moja. Wiki ikawa mwezi, mwezi nao ukapita. Watu wakaanza kusema mama kamfukuza mkwe wake ili abaki na ua. Mama aliyasikia Jumapili, nje ya kanisa, kwa mwanamke mmoja aliyemshika mkono kwa upole kabisa na kusema, "Pole, dada, lakini mzee wa watu jamani, ameshazika mtoto, halafu tena." Mama akajibu asante. Tulipofika nyumbani alifua mashuka yaliyokuwa safi. Alitaka kitu kimoja tu, babu arudi, na kama kuna kosa alilomkosea, aambiwe.

Tatizo ni kwamba mama hawezi kumuuliza.

Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hali naye, hapishani naye njiani. Inaitwa ukutila, yaani kuogopa, ingawa siyo woga wa kuogopa simba. Ni heshima. Siku hizi wengi wameacha. Hata mchungaji alishasema madhabahuni kwamba si dhambi mtu kumsalimia mkwe wake, watu wakaitikia Amina, wakarudi nyumbani wakaendelea kujificha. Babu na mama hawakuacha. Babu akitoka ndani anakohoa kwanza. Mama akisikia kikohozi anajitanda kitenge kichwani na kuingia jikoni, au kama yuko njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Toka kabla sijazaliwa wanaishi hivyo, na sijawahi kusikia wakigombana. Wangegombana vipi? Maneno yao yote yalipitia kwa baba. Hata kwenye msiba, mama alikuwa ndani na wanawake, babu nje na wanaume, na hakuna aliyempa mwenzake pole. Mdogo wangu, tuliyemwacha kwa bibi mzaa mama, bado anajifunza kuongea. Kwa hiyo nimebaki mimi, na mimi shuleni naitwa Kimya.

Jambo lingine niliseme tu. Toka mwezi wa nne nilikuwa sisikii kitu. Siyo kwamba nilikuwa na huzuni. Huzuni ningeijua. Ilikuwa kama umekalia mguu mpaka ukafa ganzi, unaugusa unajua ni wako lakini hauna habari na wewe. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Kwenye mazishi shangazi zangu wa ukoo walinitazama usoni wakingoja nilie, nikaona aibu, nikainamisha kichwa ili wafikiri nalia. Niliporudi shule nilifanya mitihani nikafaulu vizuri kuliko mwanzo.

Basi tukavuka. Mama alikuwa mbele anatembea kwa mwendo wake wa Bondeni, mjini Kyela, anakouza nguo za mitumba, mwendo wa mtu anayewahi kufungua meza kabla jirani hajafungua. Toka matanga yaishe hajakaa chini. Akikaa anasimama. Pale daraja lilipoisha simu yake ikatoa mlio mmoja, mtandao ukapotea. Akaiinua juu, akaizungusha, akairudisha kwenye pochi. Kijana wa baiskeli ya abiria, huko wanaziita kabaza, akatuambia saa. Mama akatazama saa yake ya mkononi akasema, "Huyu hajui kusoma saa." Kumbe huko wako nyuma yetu saa nzima. Tulikuwa tumepewa saa moja bure na mama hakuitaka. Hakurekebisha saa yake mpaka tunarudi.

Shangazi alituona tukiwa bado mbali. Ana sauti ambayo mimi nadhani ilikuwa yangu, akaichukua yeye akiwa wa kwanza kuzaliwa. Alitupokea kwa kulia kidogo, kwa sababu hakuwa ameonana na mama toka wiki ya msiba, kisha akajifuta kwa khanga na kuanza kumtania mama pale pale.

"Wifi, umekonda. Kaka yangu alikuacha umenona, watasema tumekunyima."

"Wifi, sikuja kukaa. Nimekuja na neno moja kwa mzee, tukipata jibu tunaondoka."

"Neno gani hilo linaloondoka siku hiyo hiyo? Mgeni anaulizwa habari hajala wala hajalala? Vua hiyo saa. Huku haina kazi."

Wakati huo nyuma ya nyumba tukasikia kikohozi. Mama akajitanda kitenge mara moja na kuingia ndani bila hata kujua mlango unaelekea wapi. Akaangukia chumba cha kuku. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nikaenda kumsalimia babu. Alikuwa amekaa barazani upande wa nyuma, anachonga mpini wa jembe. Nilipiga goti. Akanitazama muda mrefu kuliko kawaida. Mimi na baba tunafanana paji la uso, kila mtu anasema.

"Mchumba wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita toka nikiwa mdogo. "Umekuja kunioa au kunichungulia?"

"Nimekuja na mama."

"Nimesikia kuku wakilalamika." Akachonga. "Mwambie apumzike. Maneno hayaozi."

Nikaenda kumwambia mama. Akauliza, "Amesema hivyo tu?" Nikasema hivyo tu. Akatazama saa.

Siku ile haikuwa na kazi, na mtu aliyezoea kazi anateseka. Mama aliosha vyombo vya shangazi vyote, shangazi akamnyang'anya. Akachukua ufagio, shangazi akauficha. Mwishowe akakaa kwenye mkeka chumbani, akaegemea gunia la karanga. Nilipoingia kumletea maji nikamkuta amelala, mdomo wazi, mchana kweupe. Sijawahi kumwona mama amelala mchana. Nilisimama pale na kikombe. Nilifikiri labda nitasikia kitu, huruma au chochote. Nilisikia tu kikombe kina baridi mkononi.

Mimi shangazi alinipa karanga nibangue. Yeye haogopi mtu akiwa kimya, anaongea kwa ajili ya watu wawili. Alinieleza jinsi baba alivyokuwa mdogo, alivyokuwa anaogopa bata, jinsi alivyovuka mto kwa mtumbwi kuja kumletea ndizi yeye shangazi alipojifungua, akafika ndizi zote zimeiva njiani kwa sababu kila kijiji alisimama kusalimia. "Baba yako alikuwa hana haraka," akasema. "Haraka za mama yako zilikuwa zinatosha nyumba nzima." Nikacheka. Nilicheka kwa sababu ndipo mahali pa kucheka. Jioni tukala wali na dagaa wa ziwani, babu akala kwake nje, mimi nikipeleka sahani na kurudisha sahani.

Ijumaa asubuhi tulienda ziwani kufua. Ni maji yale yale ya kwetu, Nyasa ni moja, wao tu wanaita Ziwa Malawi. Nikatafuta upande wa nyumbani kwa macho, ukungu ukawa umefunika. Mama alikuja pia. Alikaa kwenye mchanga akaweka miguu ndani ya maji, akaiacha humo. Shangazi akamwambia, "Wifi, utaota mizizi." Mama akasema, "Acha iote." Hakutazama saa muda mrefu, niliona.

Baada ya chakula cha mchana babu alinituma nimwambie mama kwamba sasa anasikiliza.

Hivi ndivyo tulivyokaa. Chumba alichopewa mama kina dirisha dogo la mbao linalotazama baraza la nyuma. Babu alikaa nje chini ya dirisha na mpini wake. Mama alikaa ndani, chini ya dirisha hilo hilo, upande wa pili wa ukuta, amejitanda ingawa hakuna anayemwona. Mimi nilikaa kizingitini, mlango wa nyuma, ninapowaona wote wawili. Migongo yao ilikuwa karibu kugusana, tofali moja tu katikati. Kila mmoja alikuwa anasikia kila kitu anachosema mwenzake. Lakini neno halijafika mpaka mimi niliseme. Shangazi alikuwa uani anatwanga, au anajifanya anatwanga.

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie namsalimu. Mwambie nyumba yake naifagia kila siku."

Nikasema.

"Sema kwa nguvu, mchumba. Masikio yangu yamezeeka."

Nikasema kwa nguvu. Sauti yangu ilinishtua, kama ya msomaji wa taarifa ya habari. Babu akajibu kwamba ameshukuru, ndaga, na kwamba je, kakao imechumwa? Nikamuuliza mama. Mama akasema imechumwa. Nikasema imechumwa. Je, mtoto mdogo anaongea? Anasema "maji" na "sitaki". Babu akatabasamu akiutazama mpini wake. Tukaendelea hivyo, mvua, mpunga, ng'ombe wa jirani aliyekula migomba. Mwanzoni nilikuwa nahesabu ni lini tutafika kwenye neno lenyewe. Halafu nikaacha. Nilikuwa nachukua maneno upande huu naweka upande ule, kama mtu anayehamisha matofali, na haikuwa kazi mbaya kwa mtu kama mimi. Hakuna aliyenitaka niseme la kwangu.

Kisha mama akavuta kitenge.

"Mwambie watu wanasema nimemfukuza. Mwambie sijui nilichomkosea. Kama kipo akiseme, hata kama ni kibaya. Mwambie siwezi kuendelea kupita kanisani nikitazama miguu yangu."

Nikasema vyote. Kwenye "watu wanasema" shangazi aliacha kutwanga.

Babu aliweka mpini chini. Nikafikiri hakusikia, nikafungua mdomo nirudie. Akainua kidole.

"Mwambie hajanikosea. Mwambie hivi. Mwanangu alipokuwepo nilikuwa na wa kumtuma. Nikitaka maji, namwambia yeye. Mkewe akitaka nihame kivuli apite, anamwambia yeye. Siku zile baada ya matanga nikawa nakaa pale uani chini ya mwembe, mchana kutwa, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kwenda kokote. Halafu siku moja nikatazama jikoni. Sikumwona, sikutazama hivyo. Niliona moshi. Jua kali, mlango wa jiko unanitazama mimi, na mke wa mwanangu amekaa ndani ya moshi toka asubuhi kwa sababu mimi nimekaa nje. Anakohoa. Mimi ndiye ninayetakiwa kukohoa, siyo yeye." Akapangusa vumbi la mbao magotini. "Nikasema, huyu kafiwa na mume, halafu hana hata pa kuota jua. Niondoke, apate ua wake. Mwambie ndiyo hayo."

Nilimgeukia mama. Alikuwa ameyasikia yote, machozi yanateremka bila sauti, lakini alinitazama akingoja. Kwa hiyo nikayasema. Pale babu aliposema "mwanangu" sikuweza kusema "mwanangu", ikabidi nibadilishe.

"Anasema baba alipokuwepo alikuwa na wa kumtuma."

Lile neno, baba, nilikuwa sijalitamka toka siku ile. Nilikuwa nalizunguka, nasema "nyumbani", nasema "msiba". Nilidhani siku nikilisema kitu kitapasuka. Hakikupasuka kitu. Lilitoka kama maneno mengine, nikaendelea na kivuli na moshi na kikohozi mpaka mwisho. Ila kinywa kilikuwa kimekauka, na nilijua kimekauka, nikataka maji. Toka mwezi wa nne nilikuwa nakunywa maji kwa sababu ni saa ya kunywa maji.

Mama alijifuta. "Mwambie alikosea kuondoka bila kusema."

Nilisita. Mtu hamwambii mkwe amekosea.

"Mwambie," akasema mama.

Nikamwambia. Babu akasema, "Kwa nani? Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa shule."

Hilo sikulipeleka. Mama naye hakudai.

Kisha mama akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya mezani sokoni, "Mwambie mlango wa jiko nitauziba. Nitatoboa mwingine upande wa migomba. Atakaa chini ya mwembe wake mpaka jua lizame na mimi nitatoka nyuma. Fundi nimeshamfikiria."

Nikasema. Babu akafikiri. "Na chakula?"

"Nitaweka kwenye kigoda na kuondoka."

"Nitajuaje kimewekwa? Nikae nanusa kama mbwa?"

"Mwambie nitagonga sufuria."

"Sufuria!" Babu aligeukia ua kumtazama shangazi kama anatafuta shahidi. "Muulize. Akigonga mara moja, chakula. Mara mbili?"

Mama akafikiri kweli. "Mara mbili, kuna mgeni wake."

"Na mara tatu, nimekufa, nije nizikwe?"

Nilikuwa nimeshageuka kumpelekea mama hiyo, lakini mama alikuwa amecheka tayari. Alicheka ghafla, cheko lake lenyewe, lile la kukwama puani kama mtu anayepiga chafya, ambalo nilikuwa nimesahau kwamba analo. Akaziba mdomo kwa kitenge. Limeshatoka.

Kwa mama, kucheka mkwe akisikia ni kama kuvua nguo barabarani. Shangazi alisimama na mchi hewani.

Babu hakugeuka dirishani. Alinitazama mimi. Akauliza taratibu, "Ndivyo anavyocheka?"

"Ndiyo, babu."

"Aa." Akaokota mpini wake, akaupima kwa jicho moja. "Mwanangu aliwahi kuniambia. Nikafikiri ananitania."

Hapo mama hakungoja nipeleke, wala mimi sikupeleka. Babu akasema niende nimwambie mama atarudi nasi nyumbani. Asihangaike kupika maneno mengine, anakuja kesho.

Shangazi ndiye aliyekasirika. Alitupa mchi kwenye kinu. "Haya, mchukueni. Mimi nimemlisha mwezi na nusu, hajanichekesha hata siku moja. Wifi anagonga sufuria tu, mzee anafungasha." Lakini jioni ile alichinja kuku mmoja wa kile chumba, na vile alivyompa babu firigisi nikajua hasira imeisha, na vile alivyokaa pembeni bila kusema kitu nikajua pia kwamba atabaki peke yake. Nilikula nikaongeza. Mama aliniona nikiongeza.

Sijui kama mtu anarudi kwa siku moja. Mguu uliokufa ganzi ukianza kurudi unachoma kwanza, na mimi sikuwa nachomwa. Nilikuwa na njaa tu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi asubuhi niliamka kabla yao, nikafunga begi la babu, nikajitwika. Tuliondoka kwa miguu kuelekea barabarani, babu mbele na mpini wake mpya, mama nyuma sana amejitanda, mimi katikati. Babu anatembea haraka kwa mzee. Hakugeuka.

"Anakuja?"

"Anakuja."

Nyuma yangu mama akaita, "Mwambie apunguze mwendo, miguu yake hiyo."

"Babu, mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie nimesikia."

"Kasemaje?" akauliza mama.

Nikasimama, nikamngoja afike mahali ambapo sihitaji kupiga kelele, nikamwambia amesikia. Halafu nikakimbia kidogo, begi likiyumba kichwani, nikarudi katikati.